Rimmel: Kijana mhamiaji aliyeiuzia London harufu nzuri

Si watu wengi waliokufa zamani ambao majina yao bado yanashikwa mkononi kila asubuhi mbele ya kioo. Eugène Rimmel ni mmoja wao. Ukienda Italia, Ureno, Uhispania au Uturuki ukaulizia ile rangi nyeusi ya kope tunayoiita maskara, utasikia wanaiita rimmel au rimel, na wengi wanaolitamka neno hilo hawana habari kwamba lilikuwa jina la mtu. Hapa kwetu pia, ukipitapita kwenye maduka ya vipodozi ya mjini, unaweza kukutana na vichupa vilivyoandikwa Rimmel London. Ni rahisi kudhani jina hilo lilibuniwa na watu wa matangazo wakiwa wameketi ofisini na kikombe cha kahawa.

Kumbe alikuwa jamaa kabisa. Na kwanza hakuwa hata Mwingereza. Alikuwa mtoto wa mhamiaji, aliyeingia London na lugha ya kigeni mdomoni, akaanza biashara akiwa na umri ambao wengi wetu bado tulikuwa tunaamshwa na mama twende shule. Kufikia siku aliyofariki alikuwa ameuza marashi kwa familia za kifalme, ameandika kitabu kinachosomwa hadi leo, amesaidia kuzaliwa kwa mabango ya matangazo kama tunavyoyajua, na amesimamisha hospitali.

Sisi wa huku kaskazini tuna sababu yetu ya kumfuatilia. Kiwanda cha manukato cha enzi zake hakikuweza kwenda bila utomvu wa miti ya nchi kavu za Pembe ya Afrika: ubani, manemane, gundi ya mgunga. Miti ya jamii hizo ndiyo inayosimama kwenye mawe na vumbi kutoka Kapedo hadi Lodwar na kwingineko. Kwa hivyo maisha ya Rimmel yanatugusa pia sisi, ingawa hakuwahi kufika hapa.

Baba na mwana

Rimmel alizaliwa Ufaransa mwaka 1820. Baba yake alikuwa fundi wa manukato, na hakujifunzia kazi hiyo mahali pa kubahatisha. Alifunzwa na Pierre-François Lubin wa Paris, mtu aliyekuwa akimtengenezea marashi Josephine, mke wa Napoleon. Siku hizo ufundi huu ulikuwa siri ya nyumba. Kanuni ya mchanganyiko haikuandikwa ubaoni kila mtu aione. Mwanafunzi alikaa na mwalimu wake miaka, akinusa, akikosea na kurudia, hadi pua yake ikakomaa.

Mzee Rimmel alipata kazi ya kusimamia duka la manukato katika Bond Street, mtaa wa wenye pesa jijini London, akaihamishia familia yake huko. Mwaka 1834 baba na mwana wakafungua biashara yao wenyewe. Eugène alikuwa na miaka 14. Hapo ndipo ilipoanzia nyumba ya Rimmel, mojawapo ya nyumba kongwe za vipodozi Uingereza ambazo jina lake bado lipo sokoni.

Hebu fikiria ugumu wake. Waingereza wa wakati huo walikuwa wamemaliza vita virefu na Ufaransa miaka 19 tu nyuma. Mfaransa alivutia kwa mitindo na mapishi yake, lakini pia alitazamwa kwa jicho la shaka. Eugène aliugeuza ugeni huo ukawa mtaji. Akawauzia Waingereza umaridadi wa Paris kwa tabia ya London: hesabu safi, duka safi, bei inayojulikana.

Jiji lililokuwa likinuka

Ili uelewe kwa nini biashara ilimwendea vyema, lazima uijue London ya siku zile, na si ile ya kadi za posta. Kufikia 1851 jiji lilikuwa na zaidi ya watu milioni mbili. Farasi walikuwa maelfu kwa maelfu barabarani, na unajua farasi huacha nini nyuma yao. Majitaka ya nyumba yaliishia kwenye mto Thames, na mto huohuo ndio uliokuwa chanzo cha maji ya kunywa kwa watu wengi. Kipindupindu kiliwapiga 1832, kikarudi 1848, kikarudi tena 1854.

Wakati huo wengi, madaktari wakiwemo, waliamini ugonjwa unabebwa na hewa mbaya. Yaani harufu yenyewe ndiyo iliyokuwa adui. Mwaka 1854 daktari mmoja, John Snow, alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho kilitoka kwenye pampu ya maji, lakini ilichukua miaka watu wakubali. Kisha yakaja majira ya joto ya 1858. Thames ilinuka hadi pazia za Bunge zikalowekwa dawa ya chokaa ili waheshimiwa waweze kukaa ndani. Aibu hiyo ndiyo iliyowasukuma kutoa pesa za kujenga mfumo mkubwa wa mifereji ya majitaka ya chini ya ardhi.

Katikati ya uvundo huo alisimama Rimmel na siki yake. Bidhaa iliyompa jina mapema ilikuwa siki ya manukato. Mtu aliimimina matone machache kwenye maji ya kunawa, akaipaka kwenye kipaji cha uso kichwa kikiuma, au akainyunyiza chumbani kufukuza hewa nzito. Aliuza pia kifaa cha kuvukiza manukato, kikatumiwa kwenye kumbi za dansi na vyumba vya wagonjwa. Leo tunajua marashi hayaui kipindupindu. Lakini kwa mama wa London aliyekuwa amezika mtoto, kichupa kile kilikuwa silaha pekee iliyopatikana dukani.

Serikali nayo ilimfungulia njia bila kukusudia. Ushuru wa kioo uliondolewa 1845, chupa zikawa rahisi. Ushuru wa sabuni ukaondolewa 1853, na sabuni ikaanza kutoka mikononi mwa matajiri. Karani, mwalimu, mke wa fundi seremala, wote sasa wangeweza kununua kitu kidogo cha kunukia. Rimmel aliliona soko hilo kabla wengi hawajaliona. Hakuwaacha wateja wake wa kifalme, ila alihakikisha na mtu wa kawaida anaondoka dukani kwake, namba 96 mtaa wa Strand, akiwa na kitu mfukoni.

Walipenda kunukia vipi?

Kila jamii ina mtindo wake wa kunukia. Sisi Waafrika Mashariki, hasa kupitia Pwani, tumerithi harufu nzito zinazokaa: udi uliofukizwa kwenye nguo, asumini kwenye nywele, mafuta ya waridi. Mtu anapita, na dakika tano baadaye bado unajua alipita.

Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walikuwa kinyume. Mwanamke wa heshima hakutakiwa kunukia kwa nguvu. Harufu ilitiwa kwenye kitambaa cha mfukoni wala si kwenye ngozi, na ilipaswa kuwa nyepesi, safi, kama ua lililochumwa asubuhi. Lavenda iliyokuwa ikilimwa Mitcham, kusini mwa London, ndiyo iliyokuwa mfalme. Pembeni yake kulikuwa na urujuani, waridi na kolonya. Miski nzito ilionekana ya watu wasio na adabu. Rimmel aliyaelewa masharti hayo, lakini kwa ujanja akawa anawasogeza wateja wake taratibu kwenye harufu za mbali. Katika miaka ya 1860 alikuwa akiwauzia manukato ya langilangi, ua lilelile la mlangilangi ambalo watu wa Pwani yetu wanalijua vizuri kwenye shada za harusi. Kwa Mwingereza wa Strand, hiyo ilikuwa kama kusafiri hadi Bahari ya Hindi bila kupanda meli.

Sasa, maua yanaingiaje kwenye chupa? Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Huko Grasse, kusini mwa Ufaransa, wafanyakazi walitandaza mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe kwenye vioo vyenye fremu, wakapanga maua ya asumini juu yake. Baada ya siku moja wakayatoa maua yaliyochoka, wakaweka mengine mapya. Wakarudia hivyo kwa wiki kadhaa, hadi mafuta yakashiba harufu. Kisha mafuta yakaoshwa kwa spiriti, na ile spiriti ikabaki na roho ya ua.

Kanuni yake ni ya zamani na ya dunia nzima: mafuta hushika harufu. Mwanamke wa Kiturkana anayejipaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu hahitaji kusomea Grasse kulijua hilo. Tofauti ni kwamba mafuta ya Grasse yaliingia kwenye chupa, chupa ikapata lebo, na lebo ikapata jina la mtu.

Fundi wa kujitangaza

Na hapo kwenye lebo ndipo Rimmel alipowaacha wenzake mbali. Mafundi wengi wa manukato walijua kuchanganya. Yeye alijua pia kuuza. Alitoa kalenda zenye manukato, unaitundika ukutani na nyumba inanukia jina lake mwaka mzima. Aliuza kadi za Valentine zenye marashi, miaka zaidi ya 100 kabla vijana wa Nairobi hawajaanza kugombania maua ya waridi kila tarehe 14 Februari. Alitia manukato karatasi za programu za maonyesho ya tamthilia, ukiketi kusubiri pazia lifunguliwe, mkononi mwako unamnusa Rimmel. Leo tungemwita mtu wa mitandao. Wakati huo hakukuwa na mtandao, kwa hivyo alitumia pua za watu.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi alivyokuwa na jicho. Mwishoni mwa miaka ya 1850 alikutana na kijana Mfaransa, Jules Chéret, mchoraji aliyekuwa London akitafuta riziki. Chéret alikuwa fundi wa kuchapa picha kwa mawe, lakini mfukoni hakuwa na kitu. Rimmel akampa kazi ya kuchora lebo zake, akasafiri naye hadi Italia, kijana akaona michoro ya mabwana wa zamani. Kisha mwaka 1866 akampa mtaji wa kurudi Paris na kufungua kiwanda chake cha uchapaji.

Chéret huyo ndiye aliyekuja kuitwa baba wa bango la kisasa. Yale mabango makubwa ya rangi, yenye wanawake wanaocheka na kurukaruka, yaliyojaza kuta za Paris mwishoni mwa karne ya 19, yalianzia kwake. Kila unapoona tangazo la rangi limebandikwa stendi ya matatu, jua kuna uzi mwembamba unaolirudisha kwa muuza marashi aliyeamua kumwamini kijana asiye na kitu.

Kitabu na sura ya tisa

Rimmel hakuridhika kuuza tu. Mwaka 1862 aliteuliwa kuandika ripoti ya waamuzi wa manukato kwenye maonyesho ya kimataifa ya London, na miaka miwili baadaye, 1864, akatoa Kitabu cha Manukato kwa Kiingereza. Ni kazi nzuri, usiseme. Ina zaidi ya michoro 250. Inasimulia Wamisri walivyopaka maiti zao dawa, Wayahudi walivyochoma uvumba hekaluni, Wagiriki na Warumi walivyooga, Waarabu na Waajemi walivyokamua waridi. Mwishoni inaeleza malighafi moja baada ya nyingine na mahali zinakotoka. Wanaoandika historia ya manukato hadi leo hurudi kwake.

Lakini kitabu hicho kina sura ya tisa. Humo Rimmel aliwakusanya watu aliowaita mataifa yasiyostaarabika. Misri alikuwa ameipa heshima ya sura yake mwanzoni kabisa. Sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki, pamoja na watu wa visiwa vya mbali, iliwekwa kwenye kapu hilo la tisa: mitindo yao ya nywele, mafuta yao, rangi wanazojipaka, vyote kama mambo ya kushangaza na kuchekesha wasomaji wa London.

Hapa tusimwonee, na tusimtetee kupita kiasi. Aliandika kama watu wengi wa tabaka lake na zama zake. Ila kuna jambo halikai sawa, na halihitaji digrii kuliona. Sura ya malighafi na sura ya wasiostaarabika zinazungumzia watu walewale. Ubani na manemane zilitoka kwenye miti ya Pembe ya Afrika na Uarabuni. Zabadi, ile ute yenye harufu kali iliyotumiwa kuyafanya marashi yadumu, ilikwanguliwa kutoka kwa ngawa waliofugwa Ethiopia, ikajazwa kwenye pembe za ng'ombe na kusafirishwa hadi Ulaya. Aliyejua saa ya kukwangua, namna ya kumshika ngawa bila kuumwa, msimu wa kuchanja gome la mti na siku za kusubiri utomvu ukauke, alikuwa Mwafrika. Ujuzi huo ulikuwa wa kale kuliko London yenyewe. Zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, Hatshepsut wa Misri alituma meli kwenda nchi ya Punt, upande huu wa Bahari ya Shamu, kuleta manemane na hata miti mizima ya uvumba ikiwa na mizizi yake.

Kwa hivyo tajiri wa London alinukia kazi ya mtu ambaye kitabu kilichokuwa mezani kwake kilimwita mshenzi. Jina la kwenye chupa lilikuwa Rimmel. Aliyechanja mti hakuwa na jina popote.

Kapedo kwenye ramani ya harufu

Kapedo tunaisikia kwenye habari kwa mambo mengine kabisa. Ni mpakani, mahali ambapo Turkana na Baringo zinavutana, na mara nyingi linapotajwa redioni ni kwa sababu ya wizi wa mifugo na risasi. Wachache wa mijini wanajua kwamba hapo maji ya moto yanabubujika kutoka chini ya miamba ya volkano, karibu na mlima Silali, yakaporomoka kama maporomoko na kuelekea bonde la Suguta. Kando ya maji kuna mikoma. Ukiondoka majini kidogo tu, ni migunga na miti ya jamii ya manemane, ile mifupi yenye miiba, inayoonekana imekufa hadi mvua inyeshe.

Kaunti za kaskazini mwa Kenya, Turkana ikiwemo, hukusanya gundi na utomvu wa miti hiyo. Mara nyingi ni akina mama na vijana wachungaji wanaofanya kazi hiyo wakiwa nyuma ya mbuzi. Wanabandua matone yaliyokauka kwenye gome, wanayatia kwenye mfuko, wanamuuzia mchuuzi. Mchuuzi anajaza gunia. Sehemu kubwa ya mali hiyo huuzwa nje ikiwa ghafi, na kazi ya kuikamua, kuichanganya na kuitia kwenye chupa nzuri hufanyiwa huko. Mahali penye risasi, hata kwenda kuokota gundi ni kucheza na maisha.

Mpangilio huo ndio uleule wa mwaka 1864. Na hapa ndipo maisha ya Rimmel yanapokuwa somo hata pale alipotukosea. Yeye mwenyewe hakuwa na shamba la waridi London. Hakuwa na mti hata mmoja wa ubani. Alichokuwa nacho ni pua iliyofunzwa, duka, lebo na jina. Alinunua kazi ya mikono ya watu wengi, akaisimulia hadithi, na hadithi ndiyo iliyouzwa kwa bei ya juu.

Hospitali ya wageni

Pesa zilipoingia, Rimmel hakusahau kwamba alikuwa mgeni. London ya wakati wake ilikuwa na Wafaransa wengi maskini: wapishi, wahudumu wa mikahawa, mafundi cherehani, watumishi wa nyumbani, na wakimbizi wa kisiasa waliotoroka misukosuko ya kwao. Wengi walijibana Soho na kando ya Leicester Square. Wakiugua, mambo yalikuwa magumu. Mgonjwa asiyejua Kiingereza angemwelezaje daktari mahali panapomuuma?

Mwaka 1867 Rimmel, pamoja na daktari Achille Vintras, alianzisha Hospitali ya Kifaransa karibu na Leicester Square. Ilikuwa ya wageni wanaozungumza Kifaransa, na maskini walitibiwa bure. Ilianza ndogo. Baadaye, 1890, ikahamia jengo kubwa zaidi Shaftesbury Avenue, na ikaendelea kuhudumu hadi ndani ya karne ya 20, muda mrefu baada ya mwanzilishi wake kuzikwa.

Msomaji wa Kakuma ataelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Tangu kambi ilipofunguliwa 1992, pale wamepita watu wa mataifa mengi, na kila siku kuna mtu anayetafuta wa kumtafsiria zahanati au shuleni. Ndani ya kambi hiyohiyo kuna maduka, vinyozi na mafundi walioanza na kibegi kimoja. Rimmel alikuwa na bahati ya kuhama na baba mwenye ufundi na kazi iliyomsubiri. Hata hivyo, alipofika juu aligeuka kuwaangalia waliokuwa wamekwama chini, na akawajengea mahali pa kueleweka. Biashara ya manukato inajulikana zaidi, lakini hospitali ile pengine iliokoa watu wengi kuliko siki yote aliyowahi kuuza.

Baada yake

Eugène Rimmel alifariki mwaka 1887, akiwa katika miaka yake ya sitini. Aliondoka wakati dunia ya harufu inabadilika. Mwaka 1868 mwanakemia William Perkin alikuwa ameweza kutengeneza kwenye maabara harufu tamu inayofanana na ya nyasi kavu. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris ikatoa marashi yaliyotumia kemikali hiyo, na tangu hapo fundi wa manukato hakulazimika tena kungoja ua lichanue.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, 1888, Mzungu mmoja wa Hungaria, Teleki, alifika kwenye ziwa letu kubwa akalibandika jina la mwanamfalme Rudolf wa Austria, mtu ambaye hakuwahi kulitia mguu. Watu waliokuwa wakinywesha mifugo hapo kwa vizazi hawakuulizwa. Ilibidi kungoja hadi 1975 ndipo likarudishiwa wenyewe na kuitwa Ziwa Turkana. Mchezo wa majina ulichezwa kwenye chupa, ukachezwa na kwenye ramani.

Nyumba ya Rimmel iliendeshwa na familia, kisha ikapita mikononi mwa wamiliki wengine. Taratibu manukato yakapungua, rangi za midomo na kope zikachukua nafasi. Maskara ndiyo iliyobeba jina mbali zaidi, kwani nyumba hiyo hutajwa miongoni mwa za kwanza Ulaya kuiuza ikiwa salama kwa macho. Tangu 1996 iko chini ya kampuni ya Coty, na matangazo yake yameonyesha nyuso maarufu kama Kate Moss. Siki ya manukato, kalenda za kunukia na kadi za Valentine zimebaki kwenye makavazi na kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Jina ndilo lililobaki, hata kwenye vinywa vya watu wasiojua lilikuwa la nani. Magunia ya gundi na utomvu nayo bado yanapakiwa kwenye malori huku kaskazini, yanashuka barabarani kuelekea kusini, na juu yake huwezi kusoma Kapedo, Lokori wala Lodwar. Kijana wa kwetu atakayejifunza kukamua utomvu huo, kuutia kwenye chupa na kuandika juu yake ulikotoka, atakuwa anaanza pale ambapo Eugène alianzia akiwa na miaka 14. Tena atakuwa na kitu ambacho Eugène hakuwa nacho: mti wenyewe.